Picha Niliyoikata Haikukatika

Wanachuo wenzangu, hasa mnaojiandaa kwenda TP mwezi wa saba, naomba dakika chache zenu kabla hamjaanza kufunga mabegi. Wengi watawaambia mbebe sweta mkipangiwa Mbeya, na ni kweli, baridi ya Uyole mwezi wa saba haina utani. Watawaambia mwandae maazimio ya kazi mapema na mbane matumizi, maana bumu likichelewa huko ugenini hakuna wa kumkopa. Mimi nina jambo moja la kuongeza ambalo hakuna aliyeniambia. Linahusu picha. Sisemi picha za kuweka status. Nasema zile picha unazoingiza ndani ya mwongozo ili kumwonyesha mtu abonyeze wapi kwenye kompyuta.

Najua mnacheka. Hata mimi ningecheka. Lakini ni picha hizo hizo zilizonifikisha kwenye kibaraza cha mama mmoja, nimekaa kwenye kigoda, naomba radhi kwa jambo ambalo mtoto wake hakustahili. Kwa hiyo nitasimulia tangu mwanzo, na nitaeleza kila kosa, maana makosa yalikuwa manne na kila moja lina somo lake.

Nilipangiwa shule moja ya sekondari ya kata pembezoni mwa jiji la Mbeya, kufundisha Jiografia na Kiswahili. Nilitoka Iringa asubuhi, basi likapita Mafinga, Makambako, Chimala, jioni nikawa nimeshafika na begi langu, nasalimia "kamwene" kwa mazoea ya Iringa, wenyeji wananitazama tu. Wiki ya kwanza ilikwisha kwa kuzoea. Wiki ya pili mkuu wa shule akaniita ofisini.

Shule ilikuwa na faili moja la Excel la kuingizia alama. Kila mwalimu alitakiwa kufungua ukurasa wa somo lake, aandike alama za wanafunzi, na faili lenyewe lingejumlisha, litoe wastani na daraja. Kwa maneno ni rahisi. Ukweli ni kwamba walimu wengi walikuwa wanaandika alama kwenye karatasi na kumpelekea mwalimu mmoja kijana, naye anakesha hadi saa nane za usiku akiwaingizia wote. Mtihani wa nusu muhula ulikuwa unakaribia na yule kijana alikuwa ameshachoka. Mkuu akaniambia, "Wewe mwalimu wa chuo, mnasomeshwa kompyuta huko. Tuandikie mwongozo. Wenye picha, ili kila mtu ajiingizie alama zake mwenyewe."

Nikakubali haraka. Kiukweli nilijisikia.

Nikaandika siku mbili. Mwongozo ukawa na kurasa kumi na nne na picha kumi na nne, picha moja kwa kila hatua. Nikauangalia kwenye kompyuta yangu nikaona umependeza. Nikatoa nakala, nikampa wa kwanza mwalimu wa taaluma, mama wa miaka hamsini na kitu ambaye shule nzima wanamwita Madam tu, bila jina. Akavaa miwani. Akasogeza karatasi karibu, akaisogeza mbali, akaigeuza kuelekea dirishani. Kisha akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mkoba wake, akasema, "Ahsante mwanangu, nitaisoma nyumbani kwa utulivu."

Wiki nzima hakuisema tena. Alama zake za Uraia akampelekea yule kijana kwenye karatasi, kama zamani. Nikadhani ni ubishi wa watu wazima na kompyuta. Nilikuwa nimekosea vibaya, na aliyenifungua macho ni Madam mwenyewe, siku tuliyobaki wawili ofisini. Alitoa ile karatasi akanionyesha hatua ya tatu. "Mwalimu," akasema, na hapo akaniita mwalimu, si mwanangu, "nisomee hapa pameandikwa nini."

Nikainama. Sikuweza kusoma. Macho yangu ya miaka ishirini na miwili hayakuweza kusoma picha niliyoiweka mimi mwenyewe.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na hesabu yake iko wazi. Nilikuwa napiga picha ya skrini nzima, ile tunayoiita skrinshoti, kila mara. Kioo cha kompyuta yangu mpakato kina upana wa sentimita 31 hivi. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, na ukitoa pambizo za kawaida za sentimita 2.54 kila upande unabaki na karibu sentimita 16. Maana yake picha nzima ya skrini lazima ipungue hadi nusu ndipo iingie kwenye ukurasa. Herufi iliyokuwa na urefu wa milimita 3 kwenye kioo inakuwa milimita moja na nusu kwenye karatasi. Ukiongeza na mashine ya steshenari yenye wino unaokaribia kuisha, unachobaki nacho ni ukungu wa Loleza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeshasomeshwa jambo hili. Sote tumelisoma kwenye somo la mbinu za kufundishia: chati unayobandika ukutani lazima isomeke na mwanafunzi wa dawati la nyuma kabisa. Nimepata alama nzuri za swali hilo kwenye mtihani. Lakini ilipokuja kwenye kompyuta nikasahau kwamba picha ndani ya mwongozo nayo ni zana ya kufundishia, na kwamba Madam na miwani yake ndiye alikuwa mwanafunzi wangu wa dawati la nyuma.

Suluhisho si kuivuta picha iwe kubwa. Ukiivuta kwa kingo za pembeni inapanuka kama uso kwenye kijiko, maana umevuruga uwiano wa urefu na upana. Ukiivuta kwa kona, uwiano unabaki, lakini inagonga pambizo mapema. Suluhisho ni kuonyesha kidogo zaidi. Kama hatua inasema abonyeze kitufe kimoja, basi msomaji hahitaji kuona skrini nzima, saa, betri na faili zako za miziki. Mwonyeshe kile kitufe na vitu viwili vitatu vya jirani ili ajue yuko wapi. Theluthi moja ya skrini yangu ni kama sentimita 10. Nikiiweka kwenye karatasi kwa upana wa sentimita 12, herufi zinakuwa kubwa kuliko zilivyo kwenye kioo chenyewe. Na nikikuza ukurasa wa Excel hadi asilimia 150 kabla ya kupiga picha, alama na majina vinasomeka hata kwa mtu aliyesahau miwani nyumbani.

Kosa la pili lilikuwa la uzito. Baadhi ya zile picha kumi na nne sikuzichukua kwa kompyuta. Kompyuta ya shule ilikuwa haina intaneti wala flashi haikuwepo siku hiyo, kwa hiyo nilipiga kioo kwa kamera ya simu. Simu yangu inapiga picha za pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani pikseli milioni 12. Kioo chenyewe ninachokipiga kina pikseli 1,366 kwa 768, ambazo hazizidi milioni moja na kidogo. Kwa hiyo nilikuwa nabeba pikseli mara kumi na moja ya zilizokuwepo, na bado picha ilikuwa mbaya zaidi: ina mistari kama mawimbi, ina mwanga wa dirisha, na kwenye kona unaona kidole changu. Kila moja ilikuwa na megabaiti kadhaa. Faili zima likafika megabaiti 40 na zaidi.

Nikalituma kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Mwalimu wa Kemia akajibu kwa sauti, "Mwalimu wa TP, hili faili limekula bando langu la leo lote na halijafunguka." Kundi zima likacheka kwa emoji. Mwingine akaniambia nitume picha peke yake bila maandishi. Nikatuma. WhatsApp inabana picha ukizituma kama picha, kwa hiyo zilizokuwa zinasomeka kidogo nazo zikafa. Ukitaka kitu kifike kama kilivyo, kitume kama dokumenti. Lakini kwanza kipunguze.

Hapo nikajifunza tofauti ambayo kiukweli nilikuwa naisikia tu. Picha aina ya JPEG ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera: uso, mlima, shamba la viazi. Inapunguza uzito kwa kutupa vitu ambavyo jicho halivikumbuki. Ikikutana na herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, huacha vumbi pembeni mwa kila herufi. PNG haitupi kitu. Kwa picha ya skrini, yenye rangi chache na maeneo makubwa ya rangi moja, PNG inabaki nyepesi na herufi zinabaki kali kama zilivyo. Nilipoacha kamera nikatumia skrinshoti halisi, nikazikata na kuzihifadhi kama PNG, mwongozo ulishuka kutoka megabaiti 40 hadi chini ya megabaiti mbili. Mwalimu wa Kemia akanisamehe.

Kosa la tatu lilikuwa la picha kuhama. Kwangu hatua ya nne ilikuwa na picha yake chini yake. Kwa mwalimu wa Historia, ambaye programu yake ilikuwa ya toleo la zamani, picha ya hatua ya nne ilikuwa imerukia hatua ya saba. Akafuata picha badala ya maneno, kama watu wote wafanyavyo, akafuta safu nzima iliyokuwa na fomula za wastani. Daah. Jioni ile nilikaa na yule kijana tukizirudisha fomula moja moja, na hakuninunia, jambo ambalo lilinifanya nijisikie vibaya zaidi.

Sababu ni kwamba nilikuwa nimeziacha picha zielee juu ya ukurasa ili nizisogeze nitakavyo. Picha inayoelea haina makazi. Ukiifunga ndani ya mstari, programu inaichukulia kama herufi moja kubwa: maneno yakisogea, nayo inasogea nayo. Haipendezi sana kwa macho, lakini hatua ya nne inabaki na picha yake hata ukiifungua kwa kompyuta ya nani. Nikaongeza na namba: "Picha ya 4", na ndani ya maelezo, "tazama Picha ya 4". Hata zikihama zote, msomaji ana jina la kuitafutia.

Na kuna jambo la lugha lililonitokea hapo hapo. Nilikuwa nimeandika kwa Kiswahili safi: "Bonyeza Hifadhi." Madam akatafuta Hifadhi kwenye skrini nzima, hakuiona, maana skrini inasema Save. Picha yangu ilikuwa inazungumza Kiingereza na maandishi yangu Kiswahili, na hawakuwa wamefahamishana. Siyo kwamba programu za Kiswahili hazijawahi kuwepo. Mwaka 2004, nikiwa bado nabebwa mgongoni, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kukokotolea yenye menyu za Kiswahili. Lakini kompyuta za shule ile zilikuwa na za Kiingereza, na mwongozo unaandikwa kwa ajili ya kompyuta iliyopo mezani. Nikabadilisha: "Bonyeza neno Save, maana yake hifadhi, liko juu kushoto." Neno la skrini kwanza, maana yake baadaye, mahali lilipo mwisho. Kwa mpangilio huo hata picha isipofunguka, mtu anaweza kuendelea.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu ya wenzetu wasioona, ambao tunasoma nao madarasani. Programu inayowasomea skrini haioni picha. Inasoma maandishi tu. Tangu mwaka 1999, kanuni za kimataifa za kurasa za intaneti zinazojulikana kama WCAG zimekuwa zikitaka kila picha iwe na maelezo ya maneno yanayoweza kusimama badala yake. Ukiandika "bonyeza hapa kama inavyoonekana kwenye picha", umemfungia mlango mtu, na umemfungia pia aliyeishiwa bando.

Sasa nifike kwenye kosa la nne. Hili nalisimulia taratibu.

Mwongozo mpya ulihitaji picha za faili la alama lenyewe. Nikafungua ukurasa wa kidato cha pili, nikapiga picha. Ilionyesha majina ya wanafunzi na alama zao za jaribio la Hisabati. Nikajua si sawa kuonyesha majina. Kwa hiyo, nikiwa ndani ya Word, nikatumia kile kifaa cha kukata, nikapunguza picha hadi ikabaki sehemu ya juu tu: vichwa vya safu na kiboksi kimoja kitupu. Majina yakapotea. Nikaridhika. Nilikuwa nimefuata somo langu la kwanza kabisa, kuonyesha kidogo zaidi, na nimelinda watoto. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Nikapeleka faili steshenari moja karibu na stendi ya daladala ili watoe nakala ishirini. Kijana wa pale, mtu mwema tu, mchangamfu, akaona picha ile ni ndogo. Akataka kunisaidia irudi kwenye ukubwa wake wa asili, akabonyeza kitufe cha "Reset Picture & Size".

Picha ikarudi ukubwa wake. Ikarudi yote. Majina yote na alama zote zikatandazwa kwenye kioo kikubwa kinachotazama barabarani.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kukata picha ndani ya Word si kukata. Ni kufunika. Sehemu uliyoiondoa inabaki ndani ya faili, imekunjwa kama upindo wa gauni, na yeyote atakayepata faili anaweza kuukunjua. Programu haina kosa. Imetengenezwa hivyo ili ukibadili mawazo uirudishe picha yako. Ipo hata sehemu ya kubana picha yenye kiboksi cha kufuta kabisa vipande vilivyokatwa. Mimi sikuijua. Na faili lile nilikuwa nimeshalituma kwa walimu wote.

Nilimwomba yule kijana afunge haraka, akafunga, akafuta. Lakini pembeni walikuwepo wanafunzi wawili wa shule yetu wanasubiri kutoa nakala ya notisi. Macho ya watoto yanasoma haraka kuliko yetu.

Asubuhi yake darasani nikasikia binti mmoja anaitwa "Nne". Alikuwa amepata nne kwa mia. Wenzake walikuwa wanahesabu: "Moja, mbili, tatu..." halafu wananyamaza na kumtazama. Ni mtoto mkimya, anakaa dawati la pili kutoka nyuma, na kwenye Kiswahili alikuwa miongoni mwa waandishi wazuri wa insha niliowakuta pale. Siku ya pili hakuja. Ya tatu hakuja. Ya nne nikaenda kwa Madam nikamweleza yote, nikitarajia anifokee. Alivua miwani, akanyamaza, kisha akasema, "Tutakwenda wote. Wewe ndiye utakayeongea."

Tulikwenda jioni. Mama yake alikuwa anachambua maharage kibarazani. Tukaamkia, tukakaribishwa vigoda, binti akaitwa akasimama mlangoni bila kuinua uso. Nikaanza kueleza kuhusu Word na kukata picha na kubana, na nikaona mama ananitazama bila kuelewa, na nikasikia sauti yangu mwenyewe inavyotafuta pa kujificha. Nikaacha. Nikasema, "Mama, shikamoo tena. Alama za mwanao zilikuwa siri yake na walimu wake. Mimi nimezitoa nje kwa uzembe. Nimekuja kuomba radhi kwako na kwake."

Mama akaendelea kuchambua maharage muda kidogo. Kisha akaniuliza, "Na zile za wenzake waliomcheka, nazo zilionekana?"

"Ndiyo, mama. Zote."

"Kwa hiyo nao wangeweza kuchekwa."

"Ndiyo."

"Basi rekebisha kwa wote," akasema. "Usirekebishe kwa huyu tu kwa kuwa ndiye aliyelia."

Sentensi ile naibeba mpaka leo.

Siku iliyofuata Madam alisimama mbele ya kidato cha pili akawaambia kwamba kosa lilikuwa la walimu, si la mwanafunzi yeyote, na kwamba atakayemwita mwenzake kwa namba ataanza kwa kutaja ya kwake. Hakutaja jina langu, lakini nilisimama pembeni na nikaomba radhi kwa mdomo wangu. Binti alirudi Jumatatu. Sitawadanganya kwamba tulikuwa marafiki. Alijibu maswali darasani, aliandika insha zake, na hadi naondoka hakuniangalia usoni moja kwa moja. Ni haki yake.

Nilifuta faili kwenye kundi, nikampigia kila mwalimu mmoja mmoja alifute kwenye simu yake, kisha nikaanza upya. Nikatengeneza faili la mfano lisilo na mtu yeyote ndani yake: Mwanafunzi A, Mwanafunzi B, Mwanafunzi C, alama 50, 60, 70. Nikapiga picha humo. Nikazikata nje ya Word, kwenye programu ya kuchorea, nikazihifadhi zikiwa zimeshakatwa, ndipo nikaziingiza. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini nakiri sikuongozwa na sheria. Niliongozwa na mama yule na ungo wake.

Mwongozo wa mwisho ulikuwa na kurasa tano na picha sita tu. Hatua nyingine hazikuhitaji picha. Sentensi moja ilitosha. Wiki yangu ya mwisho pale, Madam aliketi mbele ya kompyuta ya ofisi, karatasi ameiegemeza kwenye kikombe cha chai, kidole kimoja kikitembea kwenye Picha ya 2. Alichukua saa nzima kuingiza alama za mkondo mmoja. Yule kijana akanyanyuka kwenda kumsaidia, Madam akainua mkono bila kugeuka: "Tulia baba. Naona."

Basi, wenzangu mnaokwenda, mtaombwa tu. Kila shule ina faili lake na ina mkuu anayeamini kwamba sisi wa chuo tunajua kompyuta. Mkiombwa, msikatae. Kateni picha kabla hamjaiingiza. Fungeni kila picha kwenye hatua yake. Toeni nakala moja kwanza, kwenye ile mashine mbovu ya pale pale shuleni, mumpe mwalimu mwenye miwani, na mumwombe awasomee kwa sauti. Na kabla hamjapiga picha yoyote, angalieni ndani yake kuna nani.